Viduara Juu ya Kioo

Kalemie, 2 Mei 2024

Kwa mjukuu wangu Chancelle, mke wangu mdogo wa milimani,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya meza. Si utundu wa uzeeni. Viti vyote vimelowa. Ziwa limepanda tena mwaka huu, maji yako uani, na jiko la bibi yako, Kambo Emilie, limehamia barazani. Lakini sisi ni wazima. Shangazi yako Viviane amejifungua mtoto wa kike kule Kabalo. Emilie anasema mke mwenza hasalimiwi mikono mitupu, kwa hiyo anakutumia dagaa wetu wa ziwa, ndakala wakavu, na anauliza kama huko Kirungu bado unalala na soksi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Darubini yangu, ile niliyoachiwa na mwalimu mwenzangu Mbelgiji aliporudi kwao, nimeamua iwe yako. Hapa maji yataimeza siku moja. Huko juu hewa ni kavu, anga ni safi, na wewe unafundisha fizikia kama nilivyofundisha mimi. Nimefurahi kusikia umewatangazia wazazi kwamba mwisho wa mwaka wa shule utawaonyesha mwezi.

Usinipigie simu kuhusu jambo hili. Simu ni ya kuambiana nani amezaa na nani amekufa. Maelezo hukaa kwenye karatasi, mtu akayarudia.

Ndani ya bomba mna vioo viwili. Kikubwa kiko chini kabisa, kimebonyea kidogo kama sahani. Kazi yake ni kukusanya mwanga. Kidogo kiko karibu na mdomo wa bomba, kimeinamishwa. Kazi yake ni kuusukuma mwanga huo pembeni, kwenye tundu unapoweka jicho. Vioo hivi viwili lazima vitazamane sawasawa. Kimoja kikigeuza uso hata kidogo, nyota inakuwa kama tone la mafuta kwenye supu.

Kioo kikubwa nimekifungua ili kisafiri peke yake, kwa hiyo ni lazima ukikirudisha uvilinganishe upya. Chukua kifuniko cha chupa ya dawa, kitoboe katikati kwa sindano, kiweke kwenye tundu la jicho, uchungulie. Anza na kioo kidogo: zungusha skurubu zake mpaka ukione kioo kikubwa chote ndani yake, bila kukatwa upande. Kisha nenda chini, kwenye skurubu tatu za kioo kikubwa. Katikati ya kioo hicho nilibandika kiduara cha karatasi. Zungusha mpaka kiduara kije chini ya kitundu unachochungulia. Usiruke hatua. Anayeanza na kikubwa atafanya kazi mara mbili.

Kioo nilikiacha juu ya meza nikaenda bandarini kutafuta nafasi kwenye boti ya Moba. Niliporudi, Emilie alikuwa amekwisha kukifunga ndani ya kitenge chake kipya. Unamjua. Hatoi kitu kiende kwa mtu kikiwa na vumbi. Hata bakuli la jirani hulirudisha limesuguliwa. Boti inapiga honi sasa, kwa hiyo sikifungui tena.

Babu yako,
Gaspard


Kirungu, 21 Juni 2024

Kambo wangu mpendwa,

Shikamoo kwako na kwa Kambo Emilie. Ndakala tumewala na majirani kwa bukari ya mahindi, mpaka kichwa cha mwisho. Baridi imeanza, na ndiyo, ninalala na soksi. Watoto wa darasa la mwisho wamefanya mtihani wao, sasa wanasubiri. Kitenge cha Kambo Emilie nimekifua na kukikunja. Mwambie ni kizuri mno kwa kufungia vitu.

Darubini ilifika salama kwa pikipiki kutoka Moba. Nilifuata barua yako neno kwa neno. Ijumaa iliyopita, jua lilipotua tu, wazazi walikuja uwanjani wakapanga mstari. Mwezi ulikuwa nusu, juu, anga halina wingu. Kambo, walichoona ni ukungu. Mwanga mwingi mweupe, umevimba, hauna mlima wala shimo.

Papa prefe wetu, mkuu wa shule Onésime, alichungulia kwanza kwa heshima ya cheo chake. Akainuka akasema kwa sauti: «Mwalimu, hii njo mwezi ao njo ukoko wa bukari?» Mama Virginie, mzazi mmoja, akamfuata: «Moshi yote hii! Kumbe mwezi nayo inakausha samaki!» Wakacheka uwanja mzima. Nilicheka pamoja nao, maana kama nisingecheka ningelia. Wanafunzi wangu wa kike, niliowaambia kwamba hesabu haidanganyi, walinitazama kisha wakatazama chini.

Kosa ni langu. Sijui skurubu. Nifundishe tena.

Mjukuu wako,
Chancelle


Kalemie, 15 Julai 2024

Kwa Chancelle, mwenye soksi,

Maji yameanza kurudi nyuma. Yametuachia matope na kiatu kimoja cha mtu nisiyemjua. Viviane na mtoto hawajambo. Emilie yupo, ila siku hizi ni mkimya. Nadhani ni unyevu.

Barua yako niliisoma Jumapili baada ya misa, kwa sauti kama kawaida, maana Emilie hakusoma shule na hapendi habari zako zimpite. Papa Chérubin na Mama Rosalie, majirani zetu, walikuwepo. Tulicheka sana kwa ule ukoko wa bukari. Usikasirike, mwalimu hujifunza kwa kuchekwa.

Sasa nieleze kwa subira. Kuna njia ya kujua kama vioo vimelingana kweli. Elekeza darubini kwenye nyota yoyote angavu, kisha uharibu kwa makusudi ile sura kali: vuta nje kidogo lenzi ya jicho. Nyota itafunguka kuwa sahani ndogo yenye pete ndani ya pete, na kivuli cheusi katikati. Kivuli kikikaa katikati, vioo vimelingana. Kikikimbilia upande, zungusha skurubu ya kioo kikubwa, kidogo sana, kama unavyoongeza chumvi. Ukizungusha, nyota itahama. Irudishe katikati, utazame tena.

Lakini kuna jambo lazima nikuulize, nawe unijibu. Je, uligusa uso wa kioo kikubwa? Kioo hicho si kama cha kujitazamia. Utando wake unaong'aa uko mbele, wazi, mwembamba kuliko pumzi. Vumbi haliudhuru sana. Kitambaa kinaudhuru.

Nilikuwa nikiwaeleza hayo wageni, na Emilie, aliyekuwa analeta chai, akasimama na sinia. Akauliza: «Na kama muntu alikisugua?» Nikamjibu kwamba muntu wa namna hiyo hana akili, ni heri angeitupa darubini yote ziwani. Papa Chérubin alicheka. Emilie aliweka sinia akatoka, na sukari hatukuipata mpaka wageni walipoondoka.

Nasubiri jibu lako.

Gaspard


Kirungu, 9 Agosti 2024

Kambo,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Tuko likizo. Maharage yameiva vizuri mwaka huu, nitawatumia debe moja kwa boti. Asubuhi bonde lote linajaa ukungu, na sisi tunaonekana kama tuko kisiwani.

Nilifanya yote uliyosema. Nikichungulia kwenye kifuniko naona kila kitu kimekaa ndani ya kingine kama mabakuli yaliyopangwa. Kile kiduara cha karatasi cha katikati hakikuwepo, kwa hiyo nilipima kwa uzi nikabandika kingine. Nyota nikiifungua inatoa pete, na kivuli kimekaa katikati kabisa. Vioo vimelingana, Kambo. Ukungu haujaondoka.

Uliniuliza kuhusu uso wa kioo. Nimeisoma barua yako yote. Kambo Emilie anaendeleaje? Mwambie siku nitakapokuja nataka anifundishe kutengeneza kisamvu chake, na kwamba hakuna mtu anayenipenda kama yeye. Tafadhali mwambie hilo, usilisahau.

Chancelle


Kalemie, 30 Agosti 2024

Chancelle,

Sisi ni wazima. Maharage yamefika, asante.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Nilikuuliza swali moja, ukanijibu kisamvu. Kiduara cha karatasi nilikibandika kwa mkono wangu, kwa gundi nzuri. Kiduara hakitembei peke yake. Kimetoka kwa sababu kioo kilisuguliwa, na kioo kilikuwa mikononi mwako. Ungeniambia mara moja ningekusikitikia. Umenyamaza, ukaniacha niandike kurasa na kurasa kuhusu skurubu.

Sijui kama unaelewa ninavyojisikia. Nilikuwa nimewaambia watu wote hapa kwamba darubini iko kwa mtu anayeistahili. Jana nilimwambia Mama Rosalie na Papa Chérubin kwamba nilikosea, kwamba mjukuu wangu ana haraka na hana ujasiri wa kusema ukweli. Nilisema ninaona haya kukuita mwanafunzi wangu. Ninakuandikia ili usisikie kwa wengine.

Kifungue kioo ukirudishe kwa boti. Nitajua mwenyewe kilichotendeka, kisha nitatafuta wa kumpa.

Nyumbani nako hakuna furaha. Emilie hali vizuri. Sufuria zake, ambazo ungeweza kujitazamia ukichana nywele, sasa ni nyeusi. Nimemuuliza kwa nini hasugui tena, anasema mikono inamuuma.

Gaspard


Kalemie, 17 Septemba 2024

Kwa mjukuu wangu Chancelle,

Sijui nianzeje. Salamu nikizitanguliza zitaonekana kama ninajificha nyuma yake, na ndivyo ilivyo.

Kioo kilifika Jumamosi, ndani ya kitenge kilekile. Hukuandika hata mstari mmoja. Nilikiweka juu ya meza mchana, mlango wazi, nikakifungua huku nimejiandaa kukukasirikia.

Kilikuwa kimejaa viduara. Vidogo vidogo, kimoja kimepanda juu ya kingine, kuanzia ukingoni kuzunguka mpaka katikati. Nilivitazama kwa muda kama mjinga. Kisha niliinua macho, na ukutani, kwenye misumari, zilikuwa zinaning'inia sufuria za mke wangu. Chini ya weusi mpya, kwenye kila sufuria, viduara vilevile. Mkono uleule. Majivu na mchanga wa ziwa, kama mama yake alivyomfundisha huko Mpala.

Wewe uliutambua mkono huo siku ya kwanza, sivyo? Umekula kutoka kwenye sufuria hizo tangu ukiwa na meno mawili. Ulijua pia kwamba barua zako zote ninazisoma kwa sauti mbele yake. Kila neno ambalo ungeniandikia mimi, yeye angelisikia kwenye kinywa changu, pengine mbele ya wageni. Kwa hiyo ukaandika kwamba hujui skurubu.

Emilie alikuwa amesimama mlangoni.

«Njo mimi nilikisugua,» akasema. «Ulikuwa umeenda ku bandari. Kilikuwa na moshi na mavumbi. Nikaona aibu mutoto wetu apokee kitu chafu kutoka kwangu.»

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Afadhali nisingeuliza.

«Nilianza kukuambia. Nilikuwa nashika sinia. Ulisema muntu huyo hana akili, Papa Chérubin akacheka. Nilikuwa niseme nini tena? Niseme, mimi hapa, muntu asiyekuwa na akili, na chai yenu hii?»

Hakuishia hapo.

«Gaspard, unaeleza kwa watoto wa watu. Unaeleza kwa mapadri, kwa polisi wa barabarani, kwa muuza mukate. Mimi unaniambia tu: Emilie, chai. Hiyo kitu ilikaa ndani ya nyumba yangu, nikafagia chini yake kila siku. Hata siku moja hukuniambia ina ngozi mbele.»

Nilitaka kumweleza palepale. Nilichukua hata kalamu. Akaniwekea mkono juu ya karatasi: «Leo hapana. Leo unaeleza ili wewe njo upone.»

Jana nilienda kwa Papa Chérubin na kwa Mama Rosalie kuyarudisha maneno niliyosema juu yako. Nilifikiri ingekuwa vigumu kuwafanya wanielewe. Mama Rosalie alikuwa anachambua mchele. Hata hakuinua kichwa. «Papa Gaspard, ile siku ya chai sisi wote tuliona Mama Emilie ametoka vile. Tulijua iko kitu. Wewe peke yako ulikuwa ungali unaeleza.» Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, ile inayopita kwenye matope.

Nisamehe, Chancelle. Nilikuita mwoga kwa sababu ulimlinda mke wangu dhidi yangu. Barua hii sikuisoma kwa sauti kwanza ndipo nikamwomba ruhusa. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuiandika. Amekubali.

Amesema pia kwamba kioo atakileta mwenyewe kwa boti ya wiki ijayo. Nilimwambia wimbi la mwezi huu ni kali na kwamba kioo kilichokwaruzwa hakifai tena. Ninaandaa mzigo wake.

Babu yako, kama bado unataka kuniita hivyo,
Gaspard


Kirungu, 13 Oktoba 2024

Kambo wangu,

Bado wewe ni Kambo wangu. Umelipata hilo, sasa tuendelee.

Kambo Emilie alifika salama. Alitapika mpaka Mpala, anasema, kisha samaki wakatosheka wakamwacha. Kwenye pikipiki ya kupanda kutoka Moba alikishika kioo mapajani kama mtoto mchanga na kumgombeza dereva kwenye kila shimo. Wanafunzi wangu wanampenda. Usiku wa kwanza alinicheka soksi, usiku wa pili akaniomba jozi.

Tulikirudisha kioo ndani ya bomba pamoja. Kambo, kuna kitu hukukiandika katika barua zako zote, labda kwa sababu mkono wako ni mrefu. Mtu akichungulia juu, skurubu za chini hazifikii. Mwezi wa Juni nilikuwa nachungulia, nashuka, nazungusha, napanda tena. Safari hii mimi nilichungulia, yeye akakaa chini kwenye mkeka akishika skurubu. «Kidogo kushoto.» «Hii?» «Hapana, ya karibu na ukuta.» «Sema basi ya karibu na ukuta, mimi sioni kushoto yako!» Jua lilikuwa bado halijatua tulipomaliza.

Ijumaa nilimwalika kila mtu tena. Nilikuwa naogopa hata kula. Nilisimama mbele yao nikasema kioo chetu kimekwaruzwa, ukungu utakuwepo, na asiyetaka asipange mstari. Papa prefe alijipanga wa kwanza. Nilimwambia asubiri, kuna mgeni.

Kambo Emilie aliweka jicho. Nilikuwa nimeweka darubini pale kwenye mwezi mwanga unapokutana na giza, maana hapo vivuli ni virefu na hata kioo kibovu kinaonyesha kitu. Ukungu ulikuwepo, kama maziwa yaliyomwagika pembeni. Lakini katikati yake milima ilikuwa imesimama, na mashimo, na vivuli vya milima ndani ya mashimo. Niliviona kabla yake, ninakuapia.

Alikaa pale mpaka mwezi ukahama, nikaurudisha, ukahama tena. Mama Virginie akaita kutoka nyuma: «Mama, na sisi tuko na macho!» Hakusogea. Hatimaye akaniuliza, bila kuinuka: «Hii njo Gaspard alikuwa anaonyesha wageni?»

Nikasema ndiyo.

«Na mimi niko jikoni.»

Nikasema ndiyo, Kambo.

Akainuka akampisha papa prefe, akaenda kukaa kwenye mkeka wake karibu na skurubu, kana kwamba zingehitajika tena. Kila mtu alipochungulia na kupiga kelele, alikuwa anatabasamu kidogo. Papa prefe aliuliza ni nani aliyekwaruza kioo kizuri namna hii. Kabla sijafungua kinywa, yeye akajibu: «Ni mimi. Nilikuwa sijaambiwa.» Na hakuna aliyecheka.

Sasa, Kambo, ujumbe wake. Hatarudi na boti ya wiki hii. Hajakasirika, anasema, ila hana haraka. Anataka umwandikie. Si kupitia kwangu: barua yenye jina lake juu. Nitamsomea mimi, mlango ukiwa umefungwa. Anataka umweleze darubini, kuanzia mwanzo, na usiruke kitu.

Mke wako mdogo,
Chancelle


Kalemie, 20 Oktoba 2024

Kwa Emilie,

Ninaandika jina lako juu ya karatasi kwa mara ya kwanza tangu tuoane, na mkono wangu hauna mazoea nalo.

Nyumba ipo. Uani pamekauka. Viviane amepiga simu, mtoto ameota jino. Ninapika mwenyewe, bukari inashika sufuria kisha inanishika mimi. Jana nilishuka ziwani nikachota mchanga, nikasugua sufuria yako kubwa kwa majivu kama unavyofanya. Mama Rosalie alipita akasema nimeipaka tope. Viduara vyangu havifanani na vyako. Nimeitundika hivyohivyo, ukirudi utaona.

Ninaona haya, Emilie. Nimeandika sentensi hiyo namna nyingi na kuzitupa zote, kwa sababu kila moja iligeuka kuwa maelezo. Nimebakiza hii fupi.

Sasa ulichoomba. Chancelle, soma polepole, na akikuuliza swali, simama mpaka ulijibu.

Darubini ni bomba lenye vioo viwili. Kioo ulichonacho chumbani, kile unachofungia kilemba, kina utando wake unaong'aa nyuma, na mbele yake kuna glasi inayoulinda. Ndiyo maana unakisugua nacho kinakushukuru. Kioo hiki kina utando wake mbele, hakina cha kukilinda. Hayo nilipaswa kukuambia siku kilipoingia nyumbani mwako, kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote.